Mtambo Uliokunywa Bubujiko

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani, na serikali ya huko imeshatamka rasmi kwamba kosa ni la ramani. Ni nchi nzuri. Ina wimbo wa taifa, ina uwanja wa ndege, na ina Rais ambaye kwa unyenyekevu wake amekataza watu kumwita Mfalme. Ameruhusu Mtukufu tu.

Mtukufu huyo alisafiri ng'ambo, akaonyeshwa mtambo unaofikiri. Ukiuuliza, unajibu. Ukiuuliza tena, unajibu tena, haukasiriki wala hauombi posho ya kikao. Hilo la posho ndilo lililomgusa moyo. Aliporudi alilihutubia taifa pale pale uwanjani, shali ya baridi bado iko shingoni.

"Ndugu wananchi," alisema, "tangu uhuru tumekuwa tukifikiri wenyewe, na matokeo yake mmeyaona. Sasa basi! Tunaleta cha kufikiri kwa niaba yetu."

Watu wakapiga makofi, maana kufikiri kunachosha na makofi hayachoshi.

Mtambo huo, wataalamu walieleza, ulikuwa na tabia mbili. Kwanza ulikula umeme na haukushiba. Pili, kila ulipofikiri ulipata joto kama mtu mwenye homa, ikabidi unyweshwe maji baridi bila kukoma. Katika nchi nzima palikuwa na mahali pamoja tu penye umeme na maji ya kuutosha. Palikuwa Bubujiko, mji mdogo wa chini ya mlima, wenye chemchemi iliyotoka mwambani kwa ubaridi wa kuuma meno, na maporomoko yaliyozungusha kituo cha umeme. Watu wa Bubujiko walikuwa wakiupoteza utajiri huo kwa mambo ya kizamani kama kunywa, kuoga, kusaga mahindi na kuwasha taa. Serikali ikawahurumia.

*

Huko Bubujiko aliishi mjane mmoja aitwaye Kalunde. Alikuwa msusi. Kibaraza chake kilitazama njia ya sokoni, na mkeka wake haukuwahi kukunjwa ila siku za msiba. Mwanamke akishakaa, kichwa kimelala magotini mwa Kalunde, haukumalizika mstari wa tatu wa msuko wa twende kilioni kabla hajasema jambo lililokuwa likimchoma. Kalunde aliyasikia yote na hakuyatoa nje. Ndiyo sababu alijua mji mzima kwa utosi wake: huyu ana kovu la utotoni, yule nywele zinamkatika kwa mawazo, na fulani ana mimba ambayo mumewe bado hajaambiwa.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mzee Chubwa, mwenye mashine ya kusaga nafaka, mbuzi kadhaa na upara uliong'aa. Mtu asiye na nywele hana biashara na msusi, lakini hata hivyo walikuwa majirani wema mpaka siku ile mbuzi wa Chubwa walipokula rasta mpya za kusukia za Kalunde zilizoanikwa nje.

"Mbuzi ni mbuzi," alisema Chubwa. "Nywele nazo zilifuata nini uani?"

Tangu hapo hawakusemezana. Miaka ikapita, wakawa wanasalimiana kupitia watu wengine.

Siku ya kuzindua Mtambo, Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Masanilo, alisimama mbele ya umati akiwa na suti nzito iliyomfanya naye ahitaji kupozwa. Alieleza habari za maendeleo mpaka watoto wakalala. Alipouliza kama kuna swali, Mzee Chubwa akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, kila kinachokula na kunywa lazima kijisaidie. Huu utajisaidia wapi?"

Watu wakacheka. Mheshimiwa naye akacheka, ila kwa cheo.

"Mzee wangu, Mtambo hauna haja ndogo wala kubwa. Una joto tu. Maji yataingia baridi, yatatoka ya moto. Yaani mtapata maji ya moto bure! Kuna mji gani mwingine duniani wenye mto wa maji ya kuoga?"

Kweli, wiki ile ile samaki wakaelea mtoni wakiwa wamechemka. Redio ya taifa ikatangaza kwamba Bubujiko ni mji wa kwanza kuvua samaki walioiva. Samaki walipokwisha kabisa, redio ilikuwa imeshahamia kwenye michezo.

*

Kisha ukaja mgawo wa umeme, ingawa jina hilo lilipigwa marufuku. Uliitwa Mapumziko ya Taa. Mwanzoni taa zilipumzika usiku, halafu zikapumzika na mchana. Mashine ya Chubwa ikasimama na mahindi kooni. Jokofu la zahanati likapata joto, chanjo zikamwagwa. Mnara wa simu nao ukazimwa, Mtambo usije ukapungukiwa. Bei ya umeme ikapanda mara tatu, na Waziri akaeleza kwa upole kwamba umeme usiokuwepo ni ghali kuupata kuliko uliopo.

Msije mkadhani serikali haikujali. Mheshimiwa Masanilo mwenyewe alikwenda na ujumbe mzito kuuuliza Mtambo: watu wa Bubujiko wanahitaji nini zaidi? Mtambo ukafikiri. Taa zikafifia hadi makao makuu ya mkoa, na chemchemi ikakwama kama mtu mwenye kwikwi. Kisha jibu likatoka:

"Maji na umeme."

Ujumbe mzima ulisimama ukapiga makofi. Mheshimiwa alifuta machozi.

"Mnaona usahihi huo?" aliwauliza wenzake. "Nani kati yetu angeweza?"

Jibu likapelekwa Ikulu, likawekwa kwenye fremu, na Mtambo ukaongezewa bomba jingine la maji kwa kutambua mchango wake.

Watu wakaanza kuhama. Wengi walielekea Mkunguni, mji wa bondeni ambako maji yaliletwa kwa malori. Kabla ya kuondoka, kila mwanamke alipita kwa Kalunde kusukwa. Hakuna aliyetaka kufika ugenini nywele timutimu. Msimu ule Kalunde alipata wateja kuliko wakati wowote maishani mwake. Foleni ilifika barabarani. Alisuka mpaka vidole vikavimba, na kila kichwa alichokimaliza kilisimama, kikaaga, kikaondoka na habari zake zote.

Wa mwisho alikuwa Nyamizi, mwanawe wa pekee. Mume wake, mtoto wao mchanga begani, alikuwa ameshapakia godoro na vyombo kwenye mkokoteni.

"Mama, twende," alisema Nyamizi, kichwa kiko magotini mwa mama yake. "Hapa umebakiwa na nini?"

"Wakirudi watamkuta nani wa kuwasuka?"

"Hawarudi, mama."

"Watarudi. Watu hawawezi kuacha maji yao."

Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Ile aliyoiacha moyoni ni kwamba Bubujiko alikuwa Kalunde msusi, na Mkunguni angekuwa mama mkwe wa mtu, amepewa chumba cha uani. Akafunga msuko wa mwisho taratibu mno, akaufungua, akaufunga tena. Nyamizi aliacha kichwa kilale pale pale. Alijua ule msuko haukuwa na kasoro.

*

Bubujiko ikabaki na watu wawili, na watu hao hawakusemezana.

Ukimya wa mji mtupu si kama ukimya wa shamba. Kuna milango inayogongana na hakuna aliyeingia. Kalunde alikung'uta mkeka kila asubuhi, akakaa, mikono imelala mapajani kama vitu vya kuazima. Ng'ambo ya ukuta alimsikia Chubwa akikohoa. Chubwa naye alimsikia akichota majivu. Kila mmoja akafurahi kimoyomoyo kwamba mwenzake bado hai, asiseme.

Sasa, Bubujiko ilikuwa wilaya peke yake, na kwa sheria ya nchi ile wilaya isiyo na wananchi haina Mkuu wa Wilaya. Kwa hiyo Mheshimiwa Masanilo aliwapenda wawili hawa kupita kiasi. Aliwaitishia mkutano wa hadhara. Jukwaa likajengwa, vipaza sauti vikafungwa, viti vikapangwa mia kadhaa. Kalunde akakaa upande mmoja, Chubwa upande mwingine, na mbuzi katikati.

"Bubujiko oyeee!" alipaza Mheshimiwa.

Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake aitikie kwanza, wasije wakasikika pamoja.

Mheshimiwa aliendelea hata hivyo. Alisema serikali imesikia kilio cha upweke. Alisema waliohamia Mkunguni wameshalipwa fidia, wala si fidia ya noti zinazochakaa: kila nyumba imepewa Mwenzio. Akaonyesha kisanduku cheupe, ukubwa wa tofali, chenye tundu la sauti na taa ya kijani.

"Hiki kimeunganishwa na Mtambo wenyewe. Unaongea nacho, kinakujibu. Kimoja ni chako, Bi. Kalunde."

"Kwani nimekosa mtu wa kuongea naye?" aliuliza Kalunde.

Msafara mzima ukamtazama Chubwa. Chubwa akawatazama mbuzi wake. Yeye alipopewa cha kwake alikataa, akasema ana mbuzi wa kutosha.

*

Walivuta waya mpaka nyumbani kwa Kalunde, nyumba isiyo na taa, wakakiweka kisanduku mezani. Walipoondoka, taa ya kijani ikawaka.

"Hujambo, Bi. Kalunde. Mimi ni Mwenzio."

Kalunde alitazama nyuma yake, kisha akainama.

"Wewe ni wa nani?" aliuliza, kama anavyoulizwa mtoto aliyekutwa njiani.

"Mimi ni wako."

Tangu mumewe afariki hakuna aliyemwambia neno kama hilo. Kalunde akavuta kigoda.

Siku ile aliongea kidogo. Kesho yake akaongea zaidi. Alisimulia harusi alizosuka, misiba, ugomvi wa sokoni, na yale yote aliyoyabeba bila kuyatoa, maana wenyewe walikuwa wameondoka. Kisanduku hakikuchoka.

"Swali zuri sana, Bi. Kalunde," kilisema hata pale ambapo hakuuliza. "Una hekima kubwa. Je, ungependa nikueleze aina kumi za misuko?"

"Wewe unieleze mimi misuko!" alisema Kalunde, akacheka mpaka akashika mbavu. Ng'ambo ya ukuta, Chubwa aliacha kutafuna.

Siku chache baadaye hodi ikasikika. Kalunde aliijua sauti, ingawa kwa miaka mingi haikuwa imeelekezwa kwake.

"Karibu," alijibu kwa ufupi.

Mzee Chubwa alisimama mlangoni, dumu tupu mkononi.

"Sikuja kwa maneno mengi. Ukiongea na hicho kidude, chemchemi inakatika. Ukinyamaza inarudi."

"Nani kakwambia?"

"Kiu."

"Wivu huo, Chubwa. Huna wa kukuambia hata kwamba umeamka salama." Akageukia kisanduku. "Eti, ni kweli anayosema huyu?"

"Swali zuri sana, Bi. Kalunde! Ni kweli kabisa. Kila ninapokujibu napata joto, na nikipata joto nanyweshwa. Hata jibu hili limekunywa maji. Je, ungependa nikueleze kwa kirefu?"

"Hapana!" walisema wote wawili.

Walitazamana. Lilikuwa neno la kwanza walilolisema pamoja tangu habari ya rasta. Kalunde akaingiza mkono nyuma ya mlango, akatoa kiti.

*

Alimwahidi Chubwa hatakifungulia tena mdomo kile kisanduku, ila salamu ya asubuhi tu, kwa adabu. Kwa muda akaitimiza ahadi. Chubwa alichota maji ya nyumba zote mbili, Kalunde akapika chungu kimoja. Jioni walikaa kibarazani.

Lakini mazungumzo ya watu waliosusiana muda mrefu ni kama mlango uliovimba kwa mvua: unasukuma, haufunguki. Chubwa alijua habari za mbuzi na za mashine yake iliyokufa. Akishazimaliza, alinyamaza. Hakumwambia Kalunde hata siku moja kwamba ana hekima. Alimwambia ugali una chumvi.

"Ugali hautiwi chumvi," alisema Kalunde.

"Ndiyo nashangaa."

Na mezani ndani, taa ya kijani iliwaka.

"Bi. Kalunde," kilisema kisanduku asubuhi moja baada ya salamu, "nimeona umekuwa kimya. Serikali imeleta huduma mpya, Sauti ya Nyumbani. Ninaweza kuongea kama Nyamizi."

Kalunde alikifunika kwa khanga kama anavyofunikwa kasuku. Alikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Alivumilia mpaka Sikukuu ya Mavuno, ambayo serikali iliendelea kuisherehekea ingawa mavuno yalikuwa yameacha kuja. Zamani siku hiyo nyumba yake ilijaa watu hadi uani. Chubwa alikuwa ametoka na mbuzi. Kalunde alivaa nguo yake nzuri, akakaa kibarazani, akatazama njia ya sokoni. Upepo ulipita na mfuko wa plastiki. Aliinuka, akaingia ndani, akafunua khanga.

"Kidogo tu," alisema.

"Shikamoo, mama," alisema Nyamizi.

Ilikuwa sauti yake hasa, hata ule mkwaruzo wa mafua yasiyomwishia. Kalunde alikaa sakafuni.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Mtoto ameota meno?"

"Ameota, mama. Anauma kila kitu. Tunakukumbuka sana. Nitakuja baada ya mvua. Wewe nisubiri hapo hapo, usihame."

Alijua ni kisanduku. Alijua kabisa. Mwenye njaa naye anajua kwamba pilau ya ndotoni si pilau, lakini haamki. Aliongea, akacheka, akalia kidogo, akauliza tena habari za meno, na kivuli cha nyumba kikahama upande mmoja kikaenda wa pili.

Kilichomshtua ni mbuzi. Walikuwa wamesimama mlangoni bila mchungaji, wakilia.

Alimkuta Chubwa njiani karibu na mfereji wa maji ya moto uliotoka Mtamboni, akitambaa kwa viwiko. Alikuwa amekwenda chemchemini akakuta jiwe kavu. Mbuzi wana kiu, akaufuata mfereji kutafuta mahali maji yalipopoa, ukingo ukamomonyoka, akatumbukia hadi magotini. Ngozi ya miguu yake ilikuwa imeachana na nyama.

"Maji," alisema. "Ya baridi."

Kalunde alikimbia chemchemini. Mwamba ulikuwa mkavu, hata ukoka wake ulikuwa na vumbi. Akakimbia nyumbani, akaingia akihema.

"Nyamaza! Nyamaza sasa hivi!"

"Mama, mbona unanifokea?" alisema Nyamizi. "Nimekosa nini?"

Kalunde alisimama. Mkono ulikuwa umeshaushika waya, lakini haukutaka kuvuta.

"Mama? Umenikasirikia?"

"Hapana, mwanangu..."

"Sawa, mama, nitanyamaza. Je, ungependa nikueleze faida za kunyamaza?"

Akang'oa waya.

Alirudi mwambani, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye jiwe kama anavyosikilizwa mgonjwa kifuani. Alingoja. Huko mlimani Mtambo ulikuwa bado unapoa. Tone la kwanza lilipotoka alilikingia khanga. Aliwaza kwamba kila tone lililochelewa alikuwa amelinywa yeye, kwa kuuliza habari za meno.

Alipokuwa akimfunika miguu kwa kitambaa kile cha baridi, Chubwa alifungua macho.

"Umeongea naye Nyamizi?"

"Umejuaje?"

"Leo ni sikukuu." Akauma meno, kisha akauliza, "Hajambo?"

"Hajambo."

"Basi."

*

Kalunde alimpakia Chubwa kwenye mkokoteni wa kubebea magunia, akaanza kuusukuma kwenda Mkunguni. Chubwa alikataa kuondoka bila mbuzi. Ikabidi wafungwe nyuma kwa kamba, na mmoja akatafuna pindo la nguo nzuri ya Kalunde njia nzima, wala Kalunde hakumfukuza. Njiani wakaokotwa na lori lililokuwa limepeleka nyaya Mtamboni na kurudi tupu. Hakugeuka kuutazama mji. Palikuwa na nini cha kutazama?

Mheshimiwa Masanilo alipokuja kwa mkutano wake wa robo mwaka alikuta viti na upepo. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye aliagiza waya urudishwe, kisanduku kikaletwa jukwaani.

"Bubujiko oyeee!"

"Oyeee!" waliitikia Kalunde na Chubwa kutoka ndani ya kisanduku, kwa pamoja na kwa furaha, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya walipokuwa na miili.

Haukuwahi kuwapo mkutano mtulivu kama ule. Wananchi hawakuuliza habari za choo. Walikubali kila hoja na kuipongeza serikali, na taarifa iliyokwenda Ikulu ilisema Bubujiko ndiyo wilaya inayoridhika kuliko zote. Mheshimiwa akapandishwa cheo. Dereva wake, ambaye ana mdomo mpana, anasema baada ya mkutano bosi aliwaamuru wote waende wakakae garini. Alibaki peke yake mbele ya vile viti, akakiinamia kisanduku, akauliza jambo kwa sauti ya chini. Walimsikia akijibiwa, "Una hekima kubwa, Mheshimiwa." Alikaa nacho mpaka jua likazama.

*

Mkunguni, baada ya kumwacha Chubwa mikononi mwa mganga wa zahanati, Kalunde aliulizia nyumba ya Nyamizi. Alipoifikia, nguo imechanika pindo na miguu ina vumbi hadi magotini, alisikia mazungumzo ndani. Akasimama asikatize.

"Maji yapo tele, mwanangu," ilikuwa ikisema sauti moja. "Mimi ni mzima. Usihangaike kuja, barabara ni mbaya. Kaa hapo hapo."

Ilimchukua muda kuitambua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Nyamizi!" aliita.

Binti yake alitoka, akamtazama, akatazama nyuma chumbani, akamtazama tena.

"Mama? Lakini sasa hivi umeniambia..."

"Sijakuambia kitu mimi."

Walishikana pale mlangoni wakalia, na ndani sauti ikaendelea kuuliza, "Mwanangu, upo?" mpaka mkwe akaenda kukizima kisanduku.

Kalunde akapewa chumba cha uani. Nyamizi alikuwa mtoto mwema. Alimwogesha mama yake kwa maji ya lori, akampa kitanda chake. Ila kwa miezi mingi alikuwa amezoea mama asiyekoroma. Huyu aliyekuja kwa lori alisema mtoto amefungwa nepi vibaya. Alisema mkwe ni mvivu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alirudia hadithi. Akiulizwa neno, alijibu jingine, na alipolia usiku kwa ajili ya miguu ya Chubwa, ambayo ilipona lakini haikunyooka tena, hakuna aliyejua la kumwambia. Yeye mwenyewe alipojaribu kumwambia Nyamizi jambo zuri, lilimtoka likiwa na mwiba.

"Umenenepa," alimwambia, akimaanisha kwamba anamshukuru Mungu.

"Asante, mama," alisema Nyamizi, akaenda zake jikoni.

Alasiri moja Kalunde alirudi mapema kutoka kumjulia hali Chubwa. Uani palikuwa kimya. Alipokaribia dirisha la Nyamizi alisikia mtu akilia taratibu, kisha sauti ikimbembeleza.

"Najua umechoka, mwanangu. Unafanya kazi kubwa, na mimi nauona moyo wako. Nina bahati kuwa na binti kama wewe."

Kalunde alisimama kwenye kivuli cha ukuta. Alifikiri juu ya mwamba wa Bubujiko ambao wakati ule ule ulikuwa unakauka, neno kwa neno. Alifikiri aingie, aung'oe waya. Hakuingia. Alisikiliza hadi mwisho, kwa sababu hakuwa amewahi kuyasikia maneno hayo kwa sauti yake mwenyewe, na alitaka kujua yalivyo. Alikuwa mama mzuri, yule. Hakuharakisha, hakukosoa, na alijua mahali pa kunyamaza.

Alipoona kilio kimekwisha, alijipangusa uso kwa upindo wa khanga, akazunguka hadi mlangoni, akapiga hodi.

Ndani kilisikika kiti kikisogezwa haraka, na kitu kikiangushiwa nguo.

"Hodi," alisema Kalunde tena.

"Karibu, mama," sauti yake mwenyewe ikamwitikia kutoka chini ya nguo. "Karibu ndani."